Mtoto Asiyeota Jua: Somo juu ya Ugonjwa wa Matege

Mstari wa Ikweta hupita katikati ya Kenya, na jua huwaka nchini mwaka mzima. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba ugonjwa uletwao na ukosefu wa jua hauwezi kuonekana huku, bali ni ugonjwa wa nchi za baridi na ukungu. Dhana hiyo si kweli. Mijini, na hata mashambani, wamo watoto ambao miguu yao imepinda, vifundo vya mikono yao vimevimba, nao wamefika umri wa kutembea bila kuweza kusimama. Daktari akiwapima aghalabu huona kwamba wamepungukiwa na vitamini D, kitu ambacho jua humpa mwanadamu bure. Mwaka 2014 madaktari waliokuwa wakitibu watu katika mtaa wa Kibera, Nairobi, walitoa habari za watoto wa namna hiyo, wakasema kwamba ugonjwa wao waweza kuzuiwa ila haujaliwi.

Yafaa basi kila mzazi na kila mlezi aelewe ugonjwa huo ni nini, waja kwa njia gani, na jinsi ya kumkinga mtoto nao kabla mifupa haijapinda.

JINSI MFUPA UNAVYOJENGWA

Mfupa wa mtoto waweza kulinganishwa na ukuta wa nyumba ya miti na udongo. Kwanza fundi husimamisha nguzo na kufunga fito, ndipo watu hukandika udongo. Fito peke yake hupinda zikiegemewa, na udongo peke yake humomonyoka. Vikiungana huwa ukuta. Katika mfupa, fito ni nyuzi za protini ambazo mwili huzitengeneza wenyewe. Udongo ni madini mawili yatokayo katika chakula, yaani chokaa, ambayo madaktari huiita kalsiamu, na fosforasi.

Lakini chakula kikifika tumboni, kalsiamu haipiti vema kutoka utumboni na kuingia katika damu isipokuwa vitamini D ipo. Vitamini D ni kama kibarua abebaye udongo kutoka shimoni hata ukutani. Udongo waweza kuwa tele shimoni, lakini bila kibarua ukuta hautakandikwa. Tena kibarua akiwapo na shimo likiwa tupu, ukuta hautakandikwa vile vile. Kwa hiyo mtoto anahitaji vyote viwili, vitamini D na kalsiamu.

Mtu mzima akikosa vitu hivyo mifupa yake hudhoofika polepole na kumletea maumivu. Mtoto mchanga hudhurika upesi zaidi, kwa kuwa mifupa yake inajengwa kila siku. Katika mwaka wake wa kwanza uzito wa mtoto huongezeka kwa kawaida hata kufika mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Fito zikizidi kurefushwa bila kukandikwa, uzito wa mwili huzipinda. Ndiyo maana ugonjwa huonekana hasa tangu miezi sita hata miaka miwili au mitatu.

JINSI SABABU ILIVYOGUNDULIWA

Ugonjwa huu ulijulikana zamani. Mwaka 1650 daktari Francis Glisson wa Uingereza alitoa kitabu kizima juu yake, na watu wa nchi nyingine za Ulaya waliuita ugonjwa wa Waingereza. Katika karne ya 19 viwanda viliongezeka, moshi wa makaa ya mawe ukafunika miji, wafanyakazi wakajazana katika vichochoro vyembamba visivyofikwa na mwanga, na watoto wengi wakapinda miguu. Wengine walisema sababu ni uchafu, wengine hewa mbaya, wengine urithi wa wazazi.

Mwaka 1890 Theobald Palm, daktari wa misheni aliyekuwa amefanya kazi Japani, aliandika jambo alilolitambua baada ya kurudi kwao. Kule Japani matege hayakuwa ugonjwa wa kuonekana, lakini katika Uingereza yalikuwa mengi. Alikusanya habari kutoka kwa madaktari wenzake waliokuwa katika nchi mbalimbali, akaona kwamba ugonjwa haukufuata umaskini wala uchafu, kwa maana katika nchi za jua hata maskini hawakuupata. Ulifuata giza. Palm akashauri kwamba watoto waoteshwe jua, lakini waliomsikiliza walikuwa wachache.

Mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwaangazia watoto wagonjwa taa yenye miali kama ile ya jua, na mifupa yao ikapona. Alipoangazia mkono mmoja tu, mikono yote miwili ilipona. Hapo ilibainika kwamba ngozi ikipata miali hutengeneza kitu kinachosafiri katika damu hata mahali penye haja. Katika miaka hiyo hiyo Edward Mellanby wa London aliwaweka watoto wa mbwa ndani ya nyumba na kuwalisha nafaka, wakapata matege. Kisha akaona kwamba mafuta ya ini la samaki yaliwakinga. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Marekani alithibitisha kwamba dawa iliyomo katika mafuta hayo ni vitamini ya peke yake, akaiita D, kwa kuwa herufi A, B na C zilikuwa zimekwisha tumiwa. Naye Harriette Chick na wenzake walionyesha mjini Vienna, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwamba watoto waliooteshwa jua walipona sawasawa na wale waliopewa mafuta ya samaki.

Hivyo ikajulikana kwamba vitamini D ina milango miwili ya kuingilia mwilini, ngozi na kinywa. Mlango wa ngozi ndio mkubwa, kwa sababu vyakula vyenye vitamini hiyo ni vichache. Yote miwili ikifungwa, mtoto hupata matege hata akiwa anazaliwa na kulelewa penye Ikweta.

JINSI MILANGO INAVYOFUNGWA KATIKA NCHI YA JUA

Miali itengenezayo vitamini D haionekani kwa macho wala haipiti penye kioo. Mtoto akilazwa karibu na dirisha lililofungwa huona mwanga na kupata joto, lakini ngozi yake haipati kitu. Haipiti pia katika blanketi wala nguo nzito. Katika nyanda za juu, ambako asubuhi huwa na baridi, watoto hufunikwa gubigubi tangu kichwa hata miguu, na wengine hubaki hivyo hata mchana jua linapokuwa kali.

Mjini hali ni ngumu zaidi. Familia nyingi hukaa katika chumba kimoja cha nyumba ya ghorofa, au katika kibanda kilichobanwa na vibanda vingine, na nje hakuna uwanja. Mama akienda kazini alfajiri humwacha mtoto kwa mlezi alindaye watoto wengi pamoja katika chumba kimoja. Na mlezi, kwa kuhofia magari na wezi wa watoto, hufunga mlango mpaka jioni. Mama huyo hakosi upendo wala bidii. Hata hivyo mtoto wake hupitisha mwezi mzima bila jua kumgusa, ilhali jua li juu ya bati la nyumba yake.

Ngozi nyeusi nayo ina haja yake. Rangi yake ni ngao nzuri dhidi ya kuungua, lakini ngao hiyo hupunguza pia miali ile yenye faida. Kwa hiyo mtoto mwenye ngozi nyeusi yampasa kupata jua kwa muda mrefu kuliko mtoto mweupe. Jambo hilo lilionekana wazi katika Uingereza. Katika miaka ya 1960, wakati matege yalipokuwa yamepungua sana huko, madaktari wa Glasgow waliyaona tena kwa watoto wa watu waliohamia kutoka India na Pakistani. Wazazi wa Kiafrika waishio Ulaya na Marekani ya kaskazini hawana budi kulikumbuka sana, kwa kuwa huko wakati wa baridi jua hata likionekana halina nguvu ya kutosha.

Tena yuko mama mwenyewe. Mtoto huzaliwa na akiba aliyopewa na mama yake tumboni. Mama asiyetoka nje, au avaaye nguo za kumfunika mwili wote kila atokapo, huenda asiwe na akiba ya kumpa. Haimpasi kuacha heshima ya mavazi yake. Nyumba za zamani za mawe katika pwani zilikuwa na ua wa ndani uliofichwa na macho ya wapita njia, na humo wanawake na watoto waliweza kupata jua kwa stara. Palipo na ua wa namna hiyo utumike, na pasipokuwapo mama aulize kliniki juu ya dawa.

Maziwa ya mama ni chakula bora kuliko vyote kwa mtoto mchanga, na hayana mbadala katika miezi sita ya kwanza. Lakini vitamini D iliyomo ni kidogo, haitoshi haja ya mtoto. Jambo hilo lisimfanye mama yeyote aache kunyonyesha. Limkumbushe tu kwamba maziwa yake yahitaji msaada wa jua au wa dawa ya matone.

Mwisho, kiko chakula cha mtoto aliyeanza kula. Uji wa mahindi matupu una kalsiamu kidogo, na tena umo ndani ya nafaka uchachu fulani uishikao kalsiamu isipite utumboni. Katika Nigeria matokeo ya uchunguzi uliofanywa Jos yalitangazwa mwaka 1999. Watoto wenye matege waliopewa kalsiamu, ama peke yake ama pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D pekee. Kwa watoto hao kibarua alikuwapo, ila shimo lilikuwa halina udongo.

DALILI ZA KUANGALIA

Miguu kupinda ni dalili ijayo baadaye. Mzazi mwenye macho huona nyingine kabla yake. Mtoto hutoka jasho jingi kichwani, hulialia na kukosa raha. Meno huchelewa kuota. Utosi hubaki laini muda mrefu kupita wa wenzake, na paji la uso huonekana limetokeza. Vifundo vya mikono na vya miguu hunenepa kana kwamba mtoto amevishwa bangili chini ya ngozi. Penye kifua, mahali mbavu ziungapo, huota vinundu vilivyopangana kama shanga. Misuli hulegea, tumbo hujitokeza, na mtoto huchelewa kuketi, kusimama na kutembea. Akisimama, miguu hupinda nje kama upinde, au magoti hugongana. Mara nyingine kalsiamu ikipungua mno katika damu mtoto hushikwa na degedege, hata akiwa hana homa.

Hata hivyo si kila mguu uliopinda ni ugonjwa. Watoto wengi wazima huwa na miguu iliyopinda kidogo waanzapo kutembea, nayo hunyoka yenyewe wapitapo miaka miwili. Lakini ikiwa upindo unazidi, au mguu mmoja umepinda kuliko wa pili, au dalili nyingine zilizotajwa zipo, mtoto apelekwe hospitali bila kukawia.

Watu wengine husema kwamba mtoto amepinda miguu kwa sababu alibebwa mgongoni, au alifungwa nepi kubwa, au alisimamishwa mapema, au alitazamwa kwa jicho baya. Maneno hayo huleta hasara mbili: humtia mama lawama asiyostahili, na humchelewesha mtoto kupata dawa. Mfupa wenye nguvu haupindwi na mgongo wa mama.

Madhara hayaishii miguuni. Mbavu zikiwa laini kifua hushindwa kupanuka vema, na mtoto huugua mapafu mara kwa mara. Uchunguzi uliofanywa Addis Ababa katika Ethiopia, nchi nyingine yenye jua jingi, na kutangazwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba matege yalionekana mara 13 zaidi kwa watoto waliolazwa kwa kichomi kuliko kwa wale wasio nacho. Kichomi ni miongoni mwa magonjwa yauayo watoto wengi. Mtoto wa kike naye ana hatari ya baadaye, maana nyonga iliyopinda utotoni hubaki nyembamba, na akija kuzaa njia huwa haitoshi. Huko Glasgow wanawake wengi walipatwa na shida hiyo, na ilikuwa kwa mwanamke wa namna hiyo kwamba daktari Murdoch Cameron alipasua tumbo mwaka 1888 ili mtoto azaliwe, mama na mtoto wakaokoka.

KINGA

Kinga ya kwanza ni jua lenyewe. Mtoto atolewe nje kila siku, mikono, miguu na mgongo vikiwa wazi, kichwa na macho yakiwekewa kivuli. Jua la mapema sana hupasha joto, lakini miali yake yenye faida ni michache. Kipimo chepesi ni kivuli cha mtu. Kikiwa kirefu kuliko kimo chake, jua bado ni dhaifu. Kikiwa kifupi, lina nguvu. Jua la nguvu latosha kwa muda mfupi, nalo liongezwe kidogo kidogo. Mtoto asiachwe hata akachoka au ngozi ikaungua. Mlezi wa mchana aelezwe jambo hilo waziwazi, na walezi wa mtaa mmoja waweza kupatana kuwatoa watoto kwa zamu mahali penye usalama.

Mtoto mwenye ualbino yuko mbali na shauri hili. Ngozi yake huungua upesi na yaweza kupata saratani. Yeye ahifadhiwe na jua, na mahitaji yake ya vitamini D yaamuliwe na daktari.

Kinga ya pili ni chakula. Vitamini D imo katika samaki wenye mafuta, kiini cha yai, na kwa kiasi kidogo katika maini. Kalsiamu imo katika maziwa, ama mabichi yaliyochemshwa ama ya mgando, katika omena na dagaa waliwao pamoja na mifupa yao, na katika mboga kama sukuma wiki. Wimbi lina kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine zinazolimwa nchini. Uji wa wimbi uliochachushwa, ukitiwa maziwa, ni chakula kizuri cha mtoto aliyefika miezi sita. Omena wasagwe wawe unga na kutiwa katika uji au mchuzi. Mafuta ya papa yapakwayo vyomboni huko pwani si dawa ya kumpa mtoto.

Kinga ya tatu ni dawa ya matone. Mwaka 2016 mabingwa wa magonjwa ya watoto na ya mifupa kutoka nchi mbalimbali walikubaliana kushauri kwamba kila mtoto apewe vipimo 400 vya kimataifa vya vitamini D kila siku katika mwaka wake wa kwanza, awe ananyonya maziwa ya mama au mengine. Watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, na wale wasioweza kupata jua, ndio wenye haja kubwa zaidi. Mama aulize habari za matone hayo siku ampelekapo mtoto kupimwa uzito au kuchanjwa.

TIBA

Mtoto aliyekwisha kuugua hutibika. Daktari huchukua picha ya eksirei ya kifundo cha mkono au goti, na pengine hupima damu, kisha hutoa vitamini D kwa kipimo kikubwa pamoja na kalsiamu, kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Wazazi wasikatize dawa waonapo mtoto amechangamka, kwa kuwa raha hurudi kabla mfupa haujakomaa. Watoto wengi watibiwapo wangali wadogo miguu yao hunyoka yenyewe kadiri wanavyokua. Mtoto aliyechelewa mpaka miaka mingi ikapita huenda asipone ila kwa kupasuliwa. Wako pia wachache ambao matege yao hutokana na figo au urithi, na hao huhitaji tiba nyingine. Ndiyo sababu haifai kununua dawa dukani kwa kubahatisha.

Tena dawa nyingi kupita kiasi ni sumu. Katika miaka ya 1950 watoto wengine wa Uingereza waliugua kwa sababu vitamini D ilikuwa imetiwa kwa wingi katika maziwa ya unga na vyakula vingine vya watoto, juu ya mafuta ya samaki waliyopewa, hata kalsiamu ikazidi katika damu. Serikali ikalazimika kupunguza kiasi chake. Jua haliwezi kuleta ziada hiyo, maana ngozi yenyewe huacha kutengeneza ikiwa imetosheka.

Wazee walisema, udongo uwahi ungali maji. Mfupa wa mtoto nao ungali laini waweza kunyoshwa kwa jua, uji wa wimbi na matone machache ya dawa. Ukiisha kukauka katika upindo wake, hutaka kisu cha daktari.

MASWALI YA KUJADILIWA

1. Mtoto alazwapo nyuma ya dirisha la kioo lililofungwa hukosa nini, na kwa nini?
2. Kwa nini vitamini D peke yake haitoshi ikiwa chakula hakina kalsiamu?
3. Taja dalili nne za matege zinazoweza kuonekana kabla miguu haijapinda.
4. Katika mtaa au kijiji chenu watoto walindwao mchana hutolewa nje saa ngapi, na ni mahali gani panapofaa?
5. Ni vyakula gani vya kwenu vyenye kalsiamu, na vyaweza kutiwaje katika chakula cha mtoto wa mwaka mmoja?